Bi Ndeshi Hakuambiwa Basi

—kiatu kimoja! Eti, "Doto bila Kulwa ni kiatu kimoja, nani atakuvaa wewe?" Jamani! Bi Ndeshi wa kwenye gemu alisema hivyo hivyo kwenye skrini, bila kumeza mate, huku anamenya ndizi zake, na Nakiete aliyekuwa upande wa pili wa kioo akajikuta ameziba mdomo kwa mikono yote miwili kama mtu aliyeona ajali.

Ndani ya chumba cha majaribio kulikuwa na msichana amesimama katikati ya zulia, miwani ya gemu usoni, mikono inaning'inia. Jina lake kweli ni Doto. Miaka kumi na tisa, mwaka wa kwanza chuoni. Pacha wake, Kulwa, alizikwa siku kumi na sita zilizopita, na hakuna mtu yeyote pale ofisini aliyeiambia gemu habari hiyo. Gemu ilijua yenyewe, kwa pumzi zake tu na kwa jinsi alivyokuwa anajenga nyumba yake ya kuchezea kisha anaacha kitanda kimoja kitupu.

Doto akavua miwani. Akaitupa ukutani, paa! Akatoka, na mlango ukajibamiza nyuma yake mpaka kioo kikatetemeka.

Nakiete akaruka kutoka kwenye kiti. "Namfuata."

"Kaa." Godlisten Kileo, bosi, hakugeuka hata shingo. Alikuwa amenyanyua kidole kimoja kama refa, macho kwenye saa ya ukutani. "Kaa, nimesema. Hesabu na mimi."

"Nihesabu nini? Mtoto wa watu ametukanwa msiba wake!"

"Dakika moja."

"Bosi!"

"Mbili. Tulia, dada Nakiete, utaniharibia jaribio."

Dakika ya nne mlango ukafunguka. Doto huyo, macho mekundu, pua inachuruzika. Akaokota miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akaivaa. "Wewe mwanamke," akasema, sauti inakatikakatika, "unanijua mimi? Unamjua Kulwa?"

Bi Ndeshi hakuinua uso kutoka kwenye ndizi. "Namjua. Si ndiye aliyekuwa mzuri?"

Godlisten akashusha kidole taratibu, akatabasamu tabasamu moja refu, la meno yote. "Dakika nne na sekunde kumi," akasema. "Amerudi."

Na Doto akakaa mle chumbani akibishana na mwanamke asiyekuwepo kwa saa mbili na robo.

"Hiyo umeiona?" Godlisten akauliza walipobaki wawili. "Gemu ngapi unazijua ambazo mtu anatupa miwani, anatoka, halafu anarudi mwenyewe bila kubembelezwa?"

"Nimeona mtu analia."

"Analia na anacheza. Ijumaa inatoka hivi hivi kwa kundi la kwanza, watu elfu nane. Jumatatu inatoka kwa wote."

"Hutoi kitu, bosi. Kile si utani. Utani naujua mimi."

"Loh! Mpare bwana. Akiona kitu kizuri anatafuta mahakama."

"Na Mchaga akiona mtu analia anatafuta mteja."

Siku zote hapo ndipo wangecheka wote wawili. Mchaga na Mpare ni watani, ndivyo walivyofanya kazi pamoja miaka miwili mizima: anamrushia lile, anamrudishia hili, chai inanywewa, kazi inaenda. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Walitazamana tu kama watu wanaogombea kiti kimoja, kisha Godlisten akachukua kompyuta yake akatoka.

Na kilichomuuma Nakiete kuliko vyote ni kwamba lile wazo lilikuwa lake! Alikuja nalo kutoka chuo, mbio mbio, hata joho la mahafali halijakunjwa. Gemu yenyewe inaitwa Kitongoji: unapewa kiwanja kwenye mteremko, unajenga, unalima, unaishi na majirani. Zamani jirani wa kwenye gemu alikuwa na sentensi sita. Ukimsogelea anasema "Habari, mgeni," ukimrudia mara mia anasema "Habari, mgeni." Hawa wa sasa hakuna anayewaandikia sentensi. Kila mmoja ana ubongo wake, anasikia, anakumbuka, anakusoma mpaka anajua leo umeamkaje. Na kila baada ya dakika ishirini wanafanya kikao, yaani Bi Ndeshi wa kwenye miwani yako na Bi Ndeshi wa kwenye miwani ya shangazi yako wanapeana yote waliyojifunza, kama wasusi wa saluni moja. Anachokijua mmoja wanakijua wote.

Tatizo walikuwa wapole mno. Wanaongea kama wahudumu wa hoteli. Nakiete ndiye aliyesema: tuwape utani. Ndiye aliyezunguka na kinasa sauti kwenye misiba arobaini na mmoja, Moshi, Mwanga, Same, akawarekodi watani wakifanya kazi yao: wanaingia msibani wanamtukana marehemu, wanazuia jeneza lisipite, wanalala kaburini, wanamcheka mjane mpaka mjane mwenyewe ashindwe kujizuia. Akaleta. Ubongo ukala. Akazaliwa Bi Ndeshi.

Sasa kwa nini amezaliwa na sumu?

*

Alhamisi asubuhi Nakiete akavaa miwani, akaenda kumuuliza mwenyewe.

Bi Ndeshi alikuwa kibarazani kwake, kanga ya njano kiunoni, beseni la ndizi za mtori katikati ya miguu. Kisu kinaenda, maganda yanadondoka. "Umekuja, wewe yatima," akasema. "Nasikia baba yako alikuwa anatembea na barua ya rufaa mfukoni mpaka siku ya kufa. Huko alikoenda ameshamshtaki nani?"

Nakiete akasimama pale pale kibarazani. Ni kweli, baba yake alikuwa mtu wa rufaa. Lakini Bi Ndeshi alilisema kama anayemtemea mtu mate.

"Sikuja kwa hilo. Kwa nini humwachi Doto?"

"Hajamaliza."

"Hajamaliza nini? Amekujibu saa mbili nzima!"

"Amelia. Amepiga kelele. Mimi hizo sizijui ni nini." Kisu kikaendelea. "Misiba arobaini na mmoja mliyonipa, mfiwa hana sauti. Mtani anatukana, kimya. Anatukana tena, kimya. Anaingia kaburini, kimya. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyesema basi. Nikaona kazi ya mtani ni kutukana mpaka mtu anyamaze kabisa, kama wale mlionionyesha. Huyo Doto bado ana sauti. Nikimwacha sasa, kazi yangu itakuwa nusu."

Nakiete akavua miwani.

Kwa sababu ni yeye! Ni yeye aliyekata! Kwao huko Usangi, sauti ya mfiwa haitolewi msibani. Ukirekodi mazishi unarekodi wimbo, unarekodi mchungaji, unarekodi watani, lakini kilio cha mjane na kicheko chake unaviacha palepale, ndio heshima, hata watoto wanajua. Basi yeye alikaa wiki tatu na visikilizio masikioni, akakata kwa uangalifu kila mahali mfiwa alipofungua mdomo. Akavifuta vyote mbele ya familia, kama alivyoahidi. Kwenye ripoti walimsifu, "ametunza staha ya wafiwa." Alijisikia mtu mzima siku ile!

Kumbe alikuwa amempa Bi Ndeshi nusu ya utani. Mdomo bila sikio.

Jioni alimkuta Godlisten kwenye ngazi, anakunywa kahawa. Akamweleza yote kwa pumzi moja.

"Sawa," Godlisten akasema. "Nimekuelewa. Basi nipe hiyo nusu nyingine."

"Nimeifuta."

"Arobaini umefuta. Mmoja uliobaki ni wa baba yako. Uliniambia siku ya usaili, unakumbuka? Kwamba mama yako alicheka kaburini mpaka kanisa likamsema, na kwamba ile sauti unayo kwenye simu, unaisikiliza ukizidiwa. Ilete. Tunamlisha, baada ya dakika ishirini anakuwa mtu mwema. Yule Doto wako anapona. Kila mtu anafurahi."

"Ile ni ya mama. Amenikataza."

"Tafuta mwingine, basi."

"Kibali cha kurekodi msiba ni wiki sita, unajua!"

"Igizeni."

"Nimejaribu waigizaji watatu mchana huu. Bi Ndeshi anasema wanakohoa, hawacheki."

"Ehe. Kwa hiyo?" Godlisten akainua mabega. "Mimi kumzima simzimi. Ufunguo ninao mimi na unabaki kwangu. Unataka awe na huruma, lete kicheko. Hutaki, usije kunililia hapa kwenye ngazi. Usisahau ni nani aliyemtengeneza hivyo, sio mimi."

Na ukweli ni kwamba sauti ikishaingia kwenye ubongo wa namna ile haitoki. Ni kama chumvi kwenye mboga. Kicheko cha mama yake kingekuwa cha Kitongoji milele, kingecheka kwenye miwani ya walevi, ya matapeli, ya watoto wanaochezea chooni. Kingetumika kuuzia sabuni wakitaka.

Ijumaa gemu ikatoka kwa wale elfu nane, Doto akiwa mmoja wao, na Jumamosi asubuhi shangazi yake Doto akapiga simu. Hakusalimia.

"Wewe ndiye Nakiete wa hiyo gemu?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Shikamoo yako kaa nayo. Mtoto hajala tangu jana asubuhi. Amejifungia na miwani yenu, anatukanana na ukuta. Nikimpelekea uji anasema, 'Shangazi, nikimshinda huyu mwanamke ndo nitakula.' Sauti imekauka, haitoki. Nimezika mmoja juzi. Mnataka nizike na huyu?"

"Mvue miwani, mama!"

"Nimemvua mara mbili. Mara ya pili ameniuma mkono. Doto! Mtoto niliyemlea mimi!" Akavuta pumzi. "Na wewe una mama, binti? Mungu akupe unachonipa mimi."

Simu ikakatika.

*

Nakiete akapanda Usangi kwa pikipiki ya umeme, ile inayojiendesha na kukuonya "shika vizuri" kila kona, mpaka akatamani kuitukana. Saa tisa na nusu alasiri alikuwa kwa mama yake.

Mama Nakiete alikuwa uani anapepeta maharage ya makande. Mwanamke mfupi, mkavu, karani wa mahakama ya mwanzo kwa miaka ishirini na tisa. Anakusikiliza kama anaandika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekonda? Na mbona umekuja Jumamosi?"

Nakiete akasema yote. Doto, Bi Ndeshi, ile nusu iliyokatwa, Jumatatu. Alipofika kwenye kicheko, ungo ukasimama.

"Hapana," mama akasema.

"Mama, mtoto hali."

"Nimesikia hali. Nimesikia na yule bosi wako ana ufunguo. Kamdai ufunguo."

"Hatoi!"

"Kwa hiyo kwa kuwa mwanaume kakataa ufunguo, unakuja kunivua mimi? Rahisi eeh? Mjane yuko peke yake kilimani, twende tukamkamue."

"Sio hivyo, mama."

"Ni vipi, Naki? Nieleweshe, wewe umesoma." Mama akaweka ungo chini. "Miaka thelathini na sita nimeishi na baba yako. Nimempikia, nimemfulia, nimegombana naye, nimemuuguza. Siku ile nilikuwa sina kitu cha kumpa tena. Machozi yalikuwa yameisha hospitali. Kile kicheko ndicho kilichobaki nikampa, akaenda nacho. Wazee wa kanisa wakaniita mwendawazimu, nikasema sawa. Ni chake. Wewe kukirekodi tu ulinikosea, nikakunyamazia kwa sababu ulikuwa unaumwa na uchungu. Sasa unataka ukakimwage sokoni?"

"Kuna watu wengine elfu nane mle, mama. Hatujui ni wangapi wamefiwa!"

"Nimesema hapana. Nenda jikoni kakoleze moto."

Akaenda jikoni. Lakini moto hakuukoleza, jamani. Alisimama nyuma ya mlango, simu mkononi, akakifungua kile kipande. Dakika moja na sekunde kumi na mbili. Kichwani mwake sauti ya shangazi: nimezika mmoja juzi. Akawaza Doto na midomo iliyokauka. Akawaza mama hatajua kamwe, mama gemu hachezi. Akawaza nitajichukia lakini yule atakula. Akabonyeza kutuma kwa Godlisten.

Mtandao wa mlimani ni wa kusuasua. Asilimia nane. Kumi na tano. Ishirini na mbili.

"Unatuma?"

Mama alikuwa mlangoni. Hakupaza sauti.

Nakiete hakuweza kusema uongo. Akamgeuzia skrini ya simu.

"Chuo walikufundisha na wizi? Au huo umeokota njiani?"

"Mama, atakufa yule!"

"Na ukinitia mimi mle ndani, mimi nitakuwa nani? Nijibu! Kila mjane wa nchi hii atachekewa na mimi, nikiwa hai nikiwa maiti, bila mimi kujua anayeliliwa ni nani. Hilo umelifikiria? Au umefikiria tu usije ukapigiwa simu tena?"

Hiyo ilimpata mahali penyewe. Asilimia arobaini na moja, ilisema simu. Arobaini na tatu. Nakiete akasitisha. Akakosea kitufe mara ya kwanza, akabonyeza tena.

"Kifute," mama akasema.

"Nikikifuta hakuna kingine, mama. Hakuna dawa nyingine."

"Kifute."

Akamwangalia mama yake, akaangalia simu. Miaka minne kile kipande ndicho kilichokuwa kinamlaza. Na hakuna aliyemwahidi kitu! Mama hakusema nitakusaidia, hakusema Doto atapona. Akakifuta. Akakifuta na kwenye pipa la taka la simu. Kisha akakaa chini kwenye kigoda akalia kwa sauti, kama mtoto aliyepigwa.

Mama akamwacha alie. Alipoona imetosha akanyoosha mkono.

"Hiyo miwani unatembea nayo?"

"Ndiyo."

"Nivalishe. Nimwone huyo mwanamke anayetukana watu bila kuosha vyombo."

*

Nakiete aliunganisha miwani na simu ili na yeye aone na asikie. Mama yake akaingia Kitongoji na kanga yake ya jikoni, akatembea moja kwa moja mpaka kibarazani, akavuta kigoda akakaa bila kukaribishwa.

Bi Ndeshi akamsoma mara moja. "Karibu, mjane. Nasikia mume alikufa akitafuta upenyo wa kukukimbia."

Mama akajiweka sawa kwenye kigoda.

"Miaka thelathini na nne ndani na mwanamke kama wewe, mtu asife?"

"Sita," mama akasema. "Thelathini na sita. Ukitukana, tukana kwa hesabu sahihi."

Kisu kikasimama. Nakiete hakuwahi kuona kile kisu kikisimama.

"Umesema nini?"

"Nimesema umekosea. Na hiyo ndizi unaimenya kama unachuna mbuzi, nusu ya nyama unaitupa. Mchaga gani wewe? Umeokotwa?"

"Wewe ni mfiwa."

"Mfiwa."

"Na unaongea."

"Nani alikwambia mfiwa ni bubu?"

"Binti yako," Bi Ndeshi akasema, na jikoni Usangi Nakiete akafunika uso.

"Binti yangu alikosea kwa adabu. Wewe unakosea kwa nini?"

"Sijaambiwa nikome wapi."

"Nakuambia sasa." Mama akasogeza kigoda karibu. "Mtani akija kwangu na mdomo wake, anakuja na mikono yake pia. Ananitukana asubuhi, mchana anachota maji, jioni anaosha masufuria ya watu mia mbili, siku tatu. Ndipo matusi yake yanakuwa dawa. Na nikisema basi, ni basi, hata kama lilikuwa tamu kiasi gani mdomoni mwake. Wewe umeosha sufuria ya nani? Yule mtoto Doto umemchotea nini? Huna utani wewe. Wewe ni adui aliyevaa kanga."

"Sina maji," Bi Ndeshi akasema. "Sina masufuria nje ya hapa."

"Basi funga mdomo mpaka uyapate."

Sekunde nne, tano, sita. Kwa ubongo wa namna ile sekunde sita ni kama mwaka.

"Kile nilichokatiwa," Bi Ndeshi akasema mwishowe, na kwa mara ya kwanza hakuwa anamenya. "Mfiwa anafanya nini pale kwenye mkato? Niambie. Nimejaribu kupajaza kwa kilio. Hapajai."

"Ndicho unachokitaka?"

"Ndicho kisichonitoka."

Mama akajifunga kanga vizuri. "Sikiliza. Siku tunamzika mume wangu mvua ilikuwa imenyesha, udongo mwekundu, unateleza kama bamia. Akaja mtani wetu Mkashida, kutoka Mwika huko, mwanamke mnene huyo! Amevaa viatu vya kisigino vya kuazima. Jeneza limefika, mchungaji kafungua kitabu, yeye huyo, chubwi! Kaingia shimoni. Anasema hapa hazikwi mtu mpaka apewe kuku, kwa sababu marehemu alimshinda kesi ya kuku miaka thelathini nyuma na yeye hajalala usingizi tangu siku hiyo. Watu wanamwambia toka. Hatoki. Wanamletea kuku. Anamkagua, anasema huyu amekonda kama hukumu yake. Wakaleta wa pili. Akakubali. Sasa anataka kutoka..."

Simu ya Nakiete ikalia. Godlisten. Alikuwa anapiga kelele kabla hata hajasema haloo.

"Umefanya nini? Amenyamaza! Kikao cha saa kumi kimepita na Bi Ndeshi amenyamaza kwenye miwani zote! Kila anayemgusa anamwambia, 'Subiri, kuna mama ananieleza alichofanya kaburini.' Ni nani huyo?"

"Mama yangu."

Sauti ikabadilika, ikawa ya asali. "Dada Nakiete. Hebu sikiliza. Hakuna aliyetoka kwenye gemu. Hata mmoja. Mwambie mama aendelee, amalizie na kicheko chenyewe, tunarekodi huku. Hii ni dhahabu!"

"Unarekodi?" Nakiete akasimama. "Mama! Mama, wanarekodi huko! Wanataka ufike kwenye kicheko!"

Mama hakugeuza kichwa. Aliendelea kana kwamba anamsimulia jirani juu ya ua, lakini polepole zaidi.

"...anataka kutoka, udongo hautaki. Kisigino kimoja kimezama. Anavuta, kinavunjika. Anamkabidhi mchungaji kuku, anashika kamba ya jeneza, anajivuta, na mimi nimesimama pale juu, macho makavu, nimemwangalia yeye, nimemwangalia mume wangu kwenye sanduku lake, nika..."

Akanyamaza.

"Uka?" Bi Ndeshi akauliza. Alikuwa ameinama mbele, beseni limepinduka, ndizi zimetawanyika kibarazani.

Kwenye simu Godlisten naye alikuwa ameacha kupumua.

Ujumbe ukaingia kutoka kwa shangazi yake Doto. Nakiete akausoma kwa macho yaliyojaa: *Amefungua mlango. Miwani bado kavaa. Anauliza huyo mama alifanya nini pale kaburini. Nimwambie nini?*

Mama akaanza kunyanyuka, mkono mmoja kiunoni, taratibu, kama mtu mwenye makande jikoni yanayomsubiri.

"Naki, mwambie bosi wako arekodi hii vizuri. Na wewe Ndeshi nisikilize, wewe na wenzako wote wa kwenye kikao chenu. Kuanzia sasa hakuna mfiwa wa kuguswa. Yule Doto mwambie avue miwani, anywe uji wa shangazi yake, alale. Nikisikia umemtukana hata mmoja, neno moja tu, hili jambo nakufa nalo na hutakaa ulijue."

"Simgusi," Bi Ndeshi akasema haraka. "Siwagusi. Lakini ulifanya nini?"

"Nitakuambia kesho," mama akasema, "nikitoka kanisani." Akavua miwani.